Siku Nyumba ya Mama Ilitokea kwa Gazeti

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, nikiwa bado kijana. Usicheke. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, lakini huku kwetu Tetu mwanaume ni kijana mpaka mama yake aache kumtuma, na mimi mama alikuwa bado ananituma maji, kuni na ugoro. Hiyo baridi ilikuwa mbaya. Maziwa ilikuwa inatoka kwa ng'ombe imeshaganda, unaibeba kwa gunia.

Sasa wewe umeniletea hizi gazeti zako mpya za picha, zile wenye shule wanaita majarida. Moja ni ya utamaduni, moja ni ya safari, ingine ni ya viti na nyumba vile zinachorwa. Unasema vijana wanazitengeneza wenyewe, hawangoji kampuni kubwa, na unaniuliza kama ziko na maana. Mimi shule sikuingia. Nilikuwa napita hapo nje na mbuzi, na mbuzi ndio iliingia. Lakini wacha nikuambie vile gazeti moja kama hizo karibu iniletee laana ya mama.

Walikuwa vijana wawili wa Ruring'u. Msichana aliitwa Wambui, na mwenzake wa kamera aliitwa Kimani. Walikuja kwa mama wakasema wanaanzisha gazeti yao. Si ya siasa, si ya matanga, ni ya vile watu wanaishi na vitu wanatengeneza kwa mikono. Mama akafurahi. Akawapa uji, akawaonyesha nyumba ya mbao yenye baba yangu alijenga na stuli, kile kiti kidogo cha mbao, alichonga kabla afe. Walipiga picha siku mzima. Walipiga mlango, wakapiga moshi, wakapiga kuku mpaka kuku ikijua kusimama vizuri ikiona kamera. Kisha wakaenda, na sisi tukasahau.

Ndio miezi ikapita, na hiyo asubuhi ya baridi nikaenda buchari ya Gachoki kununua nyama. Gachoki akaniangalia vile mtu huangalia jeneza.

"Pole, Muriuki."

"Pole ya nini?"

Akanionyesha juu na kisu. Kati ya maini na matumbo kulikuwa kumetundikwa gazeti ngumu inang'aa, imefungwa na nailoni kama mkate. Hapo mbele ilikuwa nyumba ya mama. Geti ya mama, na majani chai ya mama huko nyuma. Hakuna mtu kwa picha. Na hapo chini kabisa, nambari ya simu.

Wewe wa siku hizi hujui. Sisi huku, shamba ikitokea kwa gazeti na nambari ya simu chini yake, hiyo imeenda. Ni benki imechoka kungoja, na dalali anaita watu waje mnada. Sijawahi kuona shamba ya mkulima ikiwekwa kwa gazeti kwa sababu ni maridadi.

"Kwani ulipeleka hati ya shamba ya mama benki?" Gachoki akauliza, na watu wote walikuwa wanakula nyama hapo wakaacha kutafuna.

"Mimi? Hata mlango ya benki siijui!"

"Wote husema hivyo."

Nikamwambia afungue tuone ndani. Akakataa. Ati hiyo gazeti aliachiwa auze, na ukifungua, umenunua.

"Ninunue mnada yangu mwenyewe?" nikamwambia, nikatoka hapo bila nyama.

Waswahili wanasema lisemwalo lipo. Mimi nakuambia lisemwalo kwa buchari, nusu ni mafuta tu. Lakini mafuta huteleza haraka. Nikifika nyumbani, habari ilikuwa imefika, imekaa, imekunywa chai. Nikapata mama amekaa kwa mpaka ya shamba juu ya ile stuli, panga kwa magoti. Na mbele yake, bwana mmoja wa Timau, mkulima wa ngano, tumbo yake imetangulia yeye kama trekta. Alikuwa amekula mbavu kwa Gachoki asubuhi, akaona picha, akakuja mbio. Anapima shamba na hatua.

"Mama," akasema, "hii mteremko ni mbaya kwa mashine. Si utanipunguzia?"

Mama aliniangalia mimi.

"Muriuki. Nilikuzaa ndani ya hiyo nyumba. Niambie ni benki gani."

"Mama, si mimi. Haki."

"Kwako sitakula. Ng'ombe yangu usiikamue. Na nikienda kabla useme ukweli, usiguse jeneza yangu."

Mwanangu, malaria unaweza kupona. Hata ndovu ikikukanyaga, ukipata dakitari mzuri, labda. Lakini laana ya mama haina duka inauza dawa yake.

Nikajiuliza ni nani amewahi kupiga hiyo geti picha. Ndio nikakumbuka wale vijana. Nikapigia Gachoki simu, nikamwambia apige ile nambari, mwenye hiyo gazeti akuje kwa mama saa hiyo hiyo. Wakakuja na pikipiki, boksi ya magazeti katikati yao, wakicheka, wakifikiri tunataka kununua. Walipoona panga, kicheko ikazima kama taa ya stima.

"Wewe msichana," mama akasema, "umeniuza kwa nani?"

"Kukuuza aje, shosho?" Wambui akauliza, akimwita nyanya.

"Shamba yangu inaning'inia kwa buchari."

Wambui akaangalia panga, akaniangalia mimi, akaangalia yule wa Timau amesimama na mguu juu, hajamaliza hatua. Ikamwingia. Akapiga magoti kwa nyasi, akatoa gazeti moja, akapasua nailoni na meno, akafungua.

Huko ndani, mwanangu! Mama mwenyewe, ukurasa mzima, anacheka na zile meno zake mbili. Nyumba imechorwa vile mbao zimeshikana, mpaka misumari. Ile stuli imechorwa juu, chini na kando, kila mguu na kipimo yake, ndio mtu wa mbali akitaka anaweza kuchonga ingine. Hata kuku ilikuwa huko, imejipanga. Wambui akaanza kusomea mama kwa Kikuyu yale mama alikuwa ameongea, vile baba alibeba mbao kutoka kwa msitu wakati walioana.

"Hapo umekosea," mama akamkata. "Sikusema alibeba tu. Nilisema alibeba akiimba, na alikuwa anaimba vibaya."

"Tutarekebisha, shosho."

"Rekebisha. Watu wajue."

Kisha akaweka mkono juu ya picha ya stuli. Panga ikateleza kwa nyasi na hakuiokota. Yule wa Timau akasongea, akachungulia, akatoa kofia.

"Kwa hivyo haiuzwi?"

"Stuli ama shamba?" mama akamuuliza.

"Yoyote."

"Enda nyumbani, baba. Ndege wanakula ngano yako."

Alipoenda, mama akanigeukia. "Wewe. Mbuzi ukinunua Karatina, unaifungua mdomo uone meno. Hii karatasi iko na nyumba ya mama yako, na hukufungua? Uliacha Gachoki akusomee. Gachoki anasoma mizani peke yake, na hiyo pia anaisoma vibaya."

"Mama, si unajua mimi sijui kusoma?"

"Nani amekuambia usome? Mimi pia sijui, lakini nimejiona. Nilikuwa nakungoja hapo ndani nikicheka."

Akageukia vijana. "Na nyinyi. Mtachinjaje kwangu, halafu habari ya nyama niisikie kutoka sokoni?"

Wambui akaanza kulia. Ati walikuwa wanangoja wapange sherehe, wamletee gazeti na keki.

"Keki! Na hizi meno mbili? Mngekuja na gazeti na ugoro, yaishe."

Akainuka, akapangusa nguo, akasema bila kuniangalia, "Muriuki, si unasikia ng'ombe inalia? Enda ukamue."

Wewe unaona hiyo ni kutumwa. Mimi nakuambia hiyo ilikuwa msamaha. Nilikamua hiyo ng'ombe mpaka Tetu mzima wakaja na mitungi, na kama machozi iliingia kwa maziwa, hakuna mtu alilalamika.

Sasa sikia, na ushike. Ukipata gazeti kama hii, fungua. Kama ni ya kununua, nunua hata moja, kisha ufungue. Kama ni ya lugha ngumu, ita mtoto wa shule, hakuna aibu. Usiache watu wa buchari wakusomee maisha yako kutoka nje ya nailoni. Penye wengi hapaharibiki neno, ni kweli, lakini hao wengi wawe wamefungua.

Na kama ni wewe unatengeneza, na naona hiyo macho yako inataka, basi mwenye nyumba ndio wa kwanza kushika. Kabla ya duka, kabla ya rafiki zako Nairobi, peleka kwa yule mama alikupa uji. Kaa chini, umsomee. Akikurekebisha, rekebisha.

Na usitucheke sana sisi wazee tukiogopa. Karatasi zote zilikuja kwetu, zilikuja kuchukua kitu. Hiyo ya Wambui ndio ya kwanza ilikuja kuangalia tu, na kusema kwetu ni kuzuri. Hatukuwa tumezoea.

Enda basi. Mungu akupe miguu ya kufika mbali na akili ya kukumbuka mlango ulitoka. Majani chai yako isipigwe na mvua ya mawe. Watu wakufungulie kabla hujabisha, na ukizeeka, upate mtoto wa kukusomea, na asiwe na haraka.