Vidole vya Mama Nta

Kwenye jengo lile la vyumba vya kazi walimwita Mama Nta, na fundi viatu wa chumba cha pili alipenda kumtania kwamba siku akifa hatahitaji kuwashiwa mshumaa. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha nta ya nyuki, kuipaka ubaoni tabaka juu ya tabaka, kisha kuhamishia picha za watu juu yake. Kwa miaka ishirini na mitatu hakujua kazi nyingine.

Tena si kazi ya mchezo. Karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kopi hulazwa kifudifudi juu ya nta vuguvugu na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko hadi wino unase. Halafu hulowanishwa maji na kubanduliwa kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo. Hapo macho hayana msaada, maana karatasi ikilowa haionekani. Kidole ndicho kinachojua: karatasi inakwaruza, nta inateleza. Ukipitiliza, umeondoka na uso wa mtu.

Na vidole vya Mama Nta vilikuwa vimekufa ganzi. Moto wa miaka yote hiyo ulikuwa umevimaliza. Picha mbili za wateja zilimharibikia, akazirudia kwa karatasi mpya, akafyata mdomo.

Asubuhi moja akaingia wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Hawakuwa wamesemeshana tangu msiba, miezi minane iliyopita. Siku ya maziko Mama Nta hakutoa hata chozi, na wifi akasema mbele ya kadamnasi, "Huyu mwanamke hana hisia!" Neno lile lilimchoma, na lilikuwa likimchoma bado.

Wifi alitoa karatasi ya kopi kwenye bahasha. Pichani kaka yake alikuwa anacheka, kichwa kimeenda nyuma, pengo nje.

"Simu yenye picha hii iliibwa," alisema. "Nikiitoa kopi, sura inakuwa doa jeusi. Imebaki hii tu, wifi."

"Pengo litahamia upande wa pili. Picha hujigeuza."

"Lihame tu. Mwenyewe alituhamisha nyumba mara ngapi, alimuuliza nani?"

Walicheka wote wawili, kisha wakaona haya.

Mama Nta akapaka nta, akalaza karatasi, akasugua kwa kijiko, akalowanisha. Akapeleka kidole kwenye paji la uso la mumewe. Hakusikia kitu, si karatasi wala nta. Angeweza kubahatisha, kama alivyobahatisha kwa wale wateja wawili, lakini wale walikuwa na karatasi nyingine.

"Wifi," alisema, "ulisema kweli. Sina hisia."

"Jamani, yale niliyasema kwa uchungu tu..."

"Sisemi hayo. Ni vidole, vimekufa. Nikiendelea mimi nitamfuta. Nawa mikono uje."

Wifi alinawa, akarudi mezani. "Nikimharibu je?"

"Sitakulaumu. Anza juu."

"Hapa panakwaruza."

"Sugua."

"Sasa panateleza."

"Basi, toka hapo."

Wakashuka naye hivyo, paji, jicho, jicho, pua, wifi akijifuta machozi kwa bega. Walipofika mdomoni akapiga kelele. "Nimemtoa mdomo!"

Mama Nta aliinama kutazama. Kweli, ukingo wa mdomo wa chini ulikuwa umeondoka. "Kipande tu," alisema. "Anacheka bado."

Alipuliza hewa ya moto kwa mashine ili wino uzame kwenye nta, akasubiri nta ipoe kidogo. Wifi akapitisha kiganja juu yake.

"Ni laini," alisema kwa sauti ya chini. "Ana joto, wifi. Mguse."

Mama Nta alivitazama vidole vyake. Kisha akavua miwani, akainama mezani, akalaza shavu lake juu ya shavu la mumewe, kwa kuwa shavu lilikuwa linasikia bado.