Majani Yanayokula Nzi

Limi hakuwahi kuchuma jani lililoshika nzi. Aliinama bondeni, akichagua kwa ncha za vidole, na akikuta kidudu kimenasa alilipita jani lile. "Mwache," alisema. "Mtu akila hasumbuliwi."

Yalikuwa majani madogo mekundu, yamelala kwenye tope la chemchemi nyuma ya kambi ya mgodi, huko Geita. Kila unywele wa jani ulibeba tone ambalo hata jua la saa sita halikulikausha. Euphrasia, binti wa kaka yake, aliwahi kuligusa tone hilo. Likavutika kama mlenda. Alipochungulia siku ya tatu jani lililonasa nzi, nzi alikuwa amebaki mabawa na miguu. Mengine yote yameyeyuka, jani limeyanywa.

Limi aliyachemsha na asali. Dawa ile haikuponya, ilituliza. Mwanawe Stanslaus alikuwa ametoboa mwamba kwa miaka tisa, na vumbi la mawe lilimkaa kifuani. Akinywa vijiko viwili, kikohozi kilimwachia akalala. Akikosa, aliketi ameshika magoti, anahema kama mbuzi aliyekabwa na kamba.

Mwaka 1953 Euphrasia alikuwa mfunga vidonda wa zahanati ya kambi. Akaja Mzungu mmoja, mkusanya mimea, akiuliza kama wenyeji wana dawa ya kifua. Euphrasia aliona fahari: sasa shangazi yake atajulikana! Akampeleka bondeni mwenyewe. Mzungu akampa penseli.

Kesho yake Mzungu akaleta vibarua wanane wa mgodi na majembe. Waling'oa yote, hata yaliyokuwa yakila, wakayashindilia maguniani. Magunia yakakaa juani siku mbili yakisubiri lori. Yakaoza. Karani wa mgodi, Donatus, akaamuru yamwagwe shimoni.

Limi alimfuata karani mbele ya vibarua wote.

"Mmeimaliza dawa ya mwanangu."

"Mama Stanslaus, tangu lini majani ya porini yakawa na mwenyewe?"

"Na dhahabu iliyo chini yake? Mbona nikiokota kijiwe mnanifunga?"

Vibarua waliangua kicheko. Donatus akainamia karatasi zake.

Euphrasia aliivunja ile penseli, lakini hasira haikuvunjika nayo. Akapeleka chupa ya dawa ya zahanati. Stanslaus akaonja, akakunja uso.

"Dada, hii ni ya kunywa au ya kufulia?"

Alitaka kucheka, kikohozi kikamkata, na safari hii kikaja na damu.

Limi alisikia kwamba upande wa Runzewe yako mabonde yenye majimaji kama lile. Alifunga mzigo wake, akampandisha mwanawe kwenye lori la pamba. Euphrasia akaja mbio, akaushika mzigo kama desturi inavyotaka.

"Shikamoo, Shangazi. Niwasindikize hata mpaka mtoni."

Marahaba haikuja. Limi aliuchukua mzigo wake mikononi mwa binti yule, akaukumbatia.

"Baki hapahapa. Ukiijua njia, utawaonyesha."