Ufa Kwenye Herufi M

Mwalimu Novatus alifika Biharamulo kutoka Rulenge na bahasha tisa, kila moja ameifunga kwenye karatasi yake laini. Alikuwa mkusanyaji wa stempu za kikoloni, na maonyesho ya wakusanyaji huko Mwanza yalikuwa yamebakiza wiki tatu. Aliuliza nyumba ya mama aliyewahi kufanya kazi posta, akaelekezwa kwa Eufrazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kaa. Hebu nizione."

Eufrazia alikuwa na miaka sitini na saba, na sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja dirishani. Miaka kumi na tisa aligonga mihuri katika posta ndogo ya Rwamihigo, mpaka ilipofungwa mwaka 1998. Wakusanyaji walipomletea barua za posta ile, hakuwahi kumjibu yeyote kwa "labda".

Alinawa mikono, akaikausha, akasogeza meza mlangoni penye mwanga. Akazipanga bahasha zote tisa, kila moja na sura ya Mfalme George pembeni.

"Muhuri wa kweli hupanda juu ya stempu na kushukia kwenye bahasha," alisema. "Mstari ukikatika pale stempu inapoishia, ujue stempu imebandikwa baadaye."

Zote tisa zilivuka mtihani huo. Novatus akaanza kutabasamu. Ndipo Eufrazia alipochukua kioo cha kukuzia, akainama, akazipitia moja moja. Alipoinuka, alizitenga bahasha mafungu mawili.

"Hizi tatu ni safi. Hii yenye wino wa zambarau itunze kama mboni ya jicho. Karani mzee aliyenifundisha kazi alinisimulia kwamba wakati wa vita wino mweusi uliwaishia, wakagonga kwa zambarau siku nne tu. Mimi nilisikia tu habari zake; leo ndiyo mara ya kwanza kuiona. Na hizi sita ni za uongo."

"Mama, muhuri ni uleule! Nimepima kwa rula."

"Ni uleule kabisa. Ndiyo maana nina hakika." Alimpa kioo. "Soma RWAMIHIGO. Tazama mguu wa kulia wa M."

Novatus akaona ufa, mwembamba kama unywele.

"Tarehe inasema 1938," Eufrazia aliendelea. "Ufa huo uliingia 1986."

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyeuangusha muhuri."

Akamweleza. Gari la barua lilikuwa linapiga honi nje, naye alikuwa na haraka. Muhuri ukamponyoka, ukaanguka kwenye sakafu ya saruji. Alimwogopa bwana posta, akaufuta vumbi, akaendelea kugonga. Tangu siku ile hakumwambia mtu, hata marehemu mumewe.

"Hizi sita umezipata kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja wa Ntobeye. Zile tatu ni za familia ya katekista, pale pale Rulenge."

"Mzee wa Ntobeye ni Luhende," alisema Eufrazia, na wala haikuwa swali. Luhende ndiye aliyekuwa akipanga barua nyuma ya dirisha lake, na ndiye aliyebaki kufagia siku posta ilipofungwa.

Kesho yake walikwenda wote wawili. Walimkuta Luhende shambani kwake akichambua maharage, naye akafurahi kweli kumwona mwenzake wa zamani. Eufrazia hakuzunguka.

"Kaka Luhende, niletee muhuri."

Mzee alimtazama, akamtazama mwalimu, akaingia ndani. Alitoka nao umefungwa kwenye kitambaa, umepakwa mafuta, hauna kutu hata chembe.

"Walitaka kuutupa, dada Eufrazia. Stempu nilirithi kwa baba mkwe, hazikuwa zimetumika. Muhuri ni wa kweli, stempu ni za kweli. Sasa uongo uko wapi?"

"Uko kwenye tarehe."

Luhende aliinamia maharage yake. Akasema polepole kwamba watu walizipenda sana zile barua, naye alipenda kupendwa nazo. Kisha akamwomba mwalimu radhi, na kumwahidi kumrudishia chake chote baada ya mavuno. Mwalimu alikubali, ingawa uso wake ulikuwa bado mzito.

"Una tupa ya kunolea majembe?" Eufrazia aliuliza.

Ilipoletwa, aliushika muhuri kwa mkono wa kushoto, akausugua kwa nguvu mpaka mfereji ukapita katikati ya uso wake wa chuma, kutoka ukingo hadi ukingo. Luhende alisimama karibu akitazama. Alipomaliza waliugonga mara moja kwenye karatasi: jina la Rwamihigo likatoka limepasuliwa vipande viwili.

"Sasa ubaki nao," alimwambia. "Hauwezi tena kudanganya mtu."

Mwalimu Novatus alikwenda Mwanza na bahasha tatu badala ya tisa. Chini ya ile ya zambarau aliweka ukurasa ulioandikwa na Eufrazia kwa mkono, unaoeleza ufa, mwaka wake, na jina la aliyeusababisha. Watu walipanga foleni kuusoma, na mmoja wa waamuzi akaomba namba ya simu ya Eufrazia.

Siku hizi simu yake haitulii. Picha za mihuri zinaingia kutoka Bukoba, Tabora, hata Nairobi, na wote huwajibu jibu moja: "Leta bahasha yenyewe. Nataka kuishika."