Insha yangu ya kupinga fahali ilisomwa siku ya wazazi, na Baba Mdogo alikuwa ameketi mstari wa pili

Mulembe wakuu.

Jana kuna mwenzetu hapa jukwaani aliuliza amsaidieje binti yake wa Form Two kuandika insha ya hoja inayoshawishi. Mlimjibu vizuri: msimamo ujulikane mapema, points tatu au nne, kila moja na mfano wake, halafu umalizie kwa nguvu. Nilisoma zote nikanyamaza, kama kawaida yangu.

Usiku kucha nikawa nageuka kitandani. Kuna kitu hamkumwambia.

Haya nitakayosimulia yalitokea. Pale nilipokuwa nimesahau nimefungua diary yangu ya Form Three, bado ninayo. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana mwenye kuaibika hapa ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, Kakamega, upande wa Sigalagala. Nilisoma shule ya kutwa ya wavulana na wasichana, na nilikuwa msichana mwenye haya iliyopita kiasi. Mwalimu akiuliza swali, hata nikiwa najua jibu, naangalia dawati mpaka amtaje mwingine. Yote niliyoshindwa kuyasema mchana niliyaandika jioni kwenye diary.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Nyumbani tukabaki mama, mimi na wadogo zangu wawili. Mdogo wake baba, jina lake Shivachi, alikuwa anaishi upande wa pili wa ua, na chakula cha jioni alikula kwetu. Sisi tulimwita Baba tu.

Baba Mdogo aliacha shule darasa la sita. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na fahali mmoja anaitwa Posta, kwa sababu alikuwa na alama nyeupe kwenye paji la uso kama stempu.

Kwa wasiojua mambo ya huku kwetu: fahali wawili wanakutanishwa uwanjani asubuhi mapema, wanasukumana kwa pembe, na yule anayegeuka kukimbia ameshindwa. Basi. Watu wanaimba, wanarudi nyumbani.

Jumamosi ya mchezo boma letu lilijaa wanaume kabla jua halijatoka. Wengine na pembe za kupuliza, wengine na ngoma. Mama analalamika kuhusu majani ya chai huku anaongeza maji kwenye sufuria. Baba Mdogo siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Anacheka, anaitwa jina lake kutoka barabarani, anamkwaruza Posta shingoni na kumwambia, "Fahari yangu! Fahari yangu!"

Kumbukeni namna alivyolitamka hilo neno.

Basi, muhula wa pili, Madam Ayuma aliyetufundisha Kiswahili akaingia darasani na kuandika ubaoni: "Mchezo wa kupiganisha fahali umepitwa na wakati. Jadili." Akagawa darasa. Waliokaa upande wa dirisha waunge mkono, waliokaa upande wa mlango wapinge.

Mimi nilikuwa dirishani. Wakuu, msimamo wangu wote ulitokana na mahali dawati langu lilipokuwa. Ningekuwa karibu na mlango, leo nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Madam alifundisha vizuri, siwezi kumlaumu. Alisema, "Andikeni kana kwamba hakimu amesinzia na mnataka aamke." Akasema tena tutenge aya moja ya mpinzani. Tuseme hoja yake kwa haki, jinsi yeye mwenyewe angeisema, ndipo tuijibu.

Points zangu zilikuja haraka. Ya kwanza, watu huumia uwanjani. Ya pili, ni ukatili kwa mnyama. Ya tatu niliipenda zaidi: fahali mwenye nguvu za kumsukuma mwenzake uwanja mzima ana nguvu za kuvuta plau, na mashamba yetu bado yanalimwa kwa mkono wa mama zetu.

Nilipofika aya ya mpinzani, kalamu ikakwama. Sikujua mpinzani angesema nini.

Na mpinzani mwenyewe tulikuwa tunakula naye sahani moja ya obusuma, yaani ugali, kila jioni! Kilichohitajika ni kuvuka ua tu niseme, Baba, kwa nini unampenda Posta hivi? Dakika kumi zingetosha. Lakini mimi kumuuliza mtu mzima jambo la moyoni mwake? Sikuweza hata kufikiria ningesimama wapi.

Nikatunga mzaha.

Sisi watu wa huku mnatujua, l na r kwetu hubadilishana viti. Form One nilikatwa alama mara nyingi kwa sababu hiyo, na nilijifunza kwa uchungu kwamba fahali ni ng'ombe dume, na fahari ni ile hali ya mtu kujivunia kitu. Kwa hiyo nikaandika hivi, diary ninayo hapa:

"Wenye fahali watatuambia mchezo huu una faida. Lakini ukimuuliza mmoja wao faida hiyo ni ipi, atakujibu, 'Fahari yangu ni fahari yangu!' Je, mtu asiyeweza kutenganisha fahali na fahari atatufundisha nini?"

Chini yake jioni hiyo niliongeza, "Leo nimepata sentensi tamu sana. Nimecheka peke yangu."

Nilipewa kumi na saba kwa ishirini. Kwa kalamu nyekundu Madam aliandika pembeni: "Lugha nzuri. Lakini mpinzani wako hajasema lolote, umemcheka tu." Mimi niliangalia ile kumi na saba.

Siku ya wazazi ikakaribia na insha yangu ikachaguliwa isomwe mbele ya watu. Nilikataa kuisoma mwenyewe, akapewa Rispa, msichana wa darasa letu aliyekuwa na sauti na vituko. Sikuwa na wasiwasi. Mama ndiye angekuja, na mama hakuwa mpenzi wa mchezo ule.

Asubuhi ya siku yenyewe mama akaamka na homa. Nilipotoka kunawa uso, nikamkuta Baba Mdogo uani amevaa koti lake la kahawia, viatu vimepakwa mafuta.

"Leo mimi ndio mzazi," akaniambia. Alikuwa na furaha.

Nilikimbia shule. Nilikwenda mpaka mlango wa staffroom kumwomba Madam aitoe insha yangu kwenye ratiba. Nikasimama pale. Akaniona.

"Unataka nini, mama?"

"Chaki, Madam."

Akanipa chaki mbili.

Nimesahau mambo mengi maishani, lakini zile chaki mbili sijawahi kuzisahau.

Rispa alisoma kama yuko jukwaani. Alipofika kwenye sentensi yangu tamu akapinda mgongo, akajifanya ameshika fimbo, akatoa sauti ya mzee: "Fahari yangu ni fahari yangu!" Watu walicheka mpaka hedimasta akatoa leso. Na kwa sababu mwenye fahali aliyejulikana pale alikuwa mmoja tu, vichwa vikaanza kugeuka mstari wa pili.

"Shivachi, umemalizwa leo!" mwanaume mmoja akapiga kelele.

"Jibu, bwana! Jibu kwa niaba ya Posta!"

Baba Mdogo alitabasamu. Aliangalia mikono yake, akaiangalia tena, halafu akapiga makofi pamoja na wengine. Nilipoitwa kuchukua zawadi, alipiga makofi zaidi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Yeye mbele, mimi nyuma.

"Ile insha uliandika wewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Yote? Hakuna mtu alikusaidia?"

"Hakuna, Baba."

"Hm. Umesoma."

Tukatembea tena. Karibu na daraja akapunguza mwendo.

"Na hiyo neno. Nimekuwa nikisemanga vibaya siku zote?"

Nikageuka kuangalia mto.

"Inatakiwa niseme aje?"

"Fahali, Baba," nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Fa-ha-ri," akajaribu. Akajaribu tena polepole, ulimi unatafuta mahali pake. "Fahari."

Halafu akaacha. Tangu siku ile sikumsikia tena akilitamka, kwa l wala kwa r. Alisema "ng'ombe" tu.

Jumapili, tukiwa tunakula, akamwambia mama kwamba Alhamisi mtu wa mifugo anakuja kumhasi Posta, afunzwe kuvuta plau.

Mama akaweka kijiko chini. "Shivachi, wewe? Nani amekuingia kichwani?"

"Mtoto amesema. Ng'ombe ya nguvu ilime. Mimi niliangalia jibu, sikupata."

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua. Angenichapa ningelia yakaisha.

Jumatatu na Jumanne sikula vizuri. Jumatano nilipotoka shule nilikaa nyuma ya jikoni nikaandika insha nyingine, kurasa tatu, upande wa mlango. Niliandika kwamba tangu baba afe, watu walikuja bomani kwetu kwa sababu ya Posta. Kwamba upepo ulipong'oa mabati ya jikoni, waliokuja kuyarudisha walikuwa wale wale wa Jumamosi. Niliandika nikimwomba asimhasi. Sijawahi kuandika insha nzuri kama ile.

Nikavuka ua. Alikuwa anamtoa Posta kupe masikioni.

"Ni nini hiyo, mukhana?" Alikuwa akiniita hivyo, yaani binti.

Nikanyoosha karatasi. Akaitazama, akanirudishia.

"Macho yangu na maandishi, unajua. Nisomee."

Wakuu, nilifungua mdomo. Posta alikuwa ananiangalia, Baba Mdogo alikuwa ananiangalia. Mstari wa kwanza ulikuwa "Baba mpendwa, nilikosea." Maneno matatu tu.

"Ni ya shule tu," nikasema.

Nikarudi kwetu nayo.

Alhamisi mtu wa mifugo akaja na koleo lake kubwa. Nilikuwa darasani. Hesabu.

Sasa nisikilizeni, maana sitaki kuwadanganya hata kwa kuficha. Hoja yangu ya tatu ilikuwa sahihi. Msimu uliofuata Posta alifungwa nira pamoja na ng'ombe wa jirani, shamba letu likalimika kwa siku mbili, na mahindi mengi kama tuliyovuna hatukuwa tumewahi kuyaona. Mgongo wa mama ulipumzika. Mama alimshukuru Mungu na akanishukuru mimi.

Lakini Jumamosi zikawa kimya. Wanaume waliacha kupita. Aliyeitwa jina lake kutoka barabarani sasa alikuwa anasalimiwa kama mtu yeyote, na wengine walimtania, "Mwalimu, habari ya plau?" Alicheka nao. Akaanza kula kwake, eti asimsumbue mama.

Siku moja nilimpelekea chai shambani. Akakaa kwenye majani, Posta amesimama kando anapumua.

"Ng'ombe ikigeuka mgongo, mchezo umeisha," akaniambia. "Haifukuzwi. Ile siku ulinishinda, mukhana, na mimi nimekubali. Sina neno na wewe."

Akanywa chai. Akaniangalia.

"Uko na swali?"

Mlango wa kuuliza aliufungua yeye mwenyewe. Alinisubiri mpaka kikombe kikaisha.

"Hapana, Baba," nikasema.

Alifariki nikiwa chuo, mwaka wa pili.

Mkuu uliyeuliza, ushauri wangu kwa binti yako ndio huu. Points ataziweza, hizo hufundishwa. Ile aya ya mpinzani asiitunge kichwani. Amtafute mtu anayeamini kinyume chake, akae naye, asikilize mpaka mwisho, na akiandika, mtu yule akisomewa aseme, "Naam, hivyo ndivyo ninavyosema." Akiona imekuwa vigumu kumjibu, ajue sasa ameanza kuandika insha. Na asimcheke mtu kwa jinsi anavyotamka. Watu watacheka, alama atapata, lakini hatakuwa amemshawishi yeyote. Atakuwa amemnyamazisha, na mimi nilichukua miaka mingi kujua kwamba hayo ni mambo mawili.

Na kama ana haya kama yangu, mkuu, nenda naye hiyo siku ya kwanza. Kaa kando tu.

Mimi insha ya Baba Mdogo nimeijaribu tena mara nyingi. Hata wiki hii. Hoja ya pili naiandika, ile ya watu kuja bomani. Ya tatu pia naiweza, ile ya mabati. Hoja ya kwanza ndiyo sababu yake mwenyewe, ile ambayo angenipa siku ile ya chai. Naandika namba moja, naweka nukta, halafu naacha mstari mtupu.

Kama kuna mtu hapa ambaye mzee wake alikuwa na fahali, au bado anaye, naomba aniambie mzee husema nini. Nitasoma comments zote, na safari hii nitajibu.