Mwavuli Uliofuliwa

Mwanabaraka wa Kimara alikuwa mwanamke wa nguo. Enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru na mitumba ikafurika Manzese, hakuna belo lililofunguliwa bila yeye kuwa mbele. Gauni analiinua juani, anavuta mishono, kisha anaweka mdomo kwenye kitambaa na kupuliza. Pumzi ikipita kirahisi, analitupa pembeni. Wateja walimpenda kwa hilo, na yeye, tusifichane, alijipenda zaidi.

Mumewe Nassibu, fundi wa magari, alikuwa na uchizi wake. Mhandisi mmoja mgeni, alipoondoka nchini, alimwachia mwavuli wa kurukia, ule wa nailoni nyekundu unaombeba mtu kutoka kilimani akaelea hewani, na kabla ya hapo alikuwa amemfundisha kuutumia. Nassibu haruki mpaka aukague. Anapekua kamba moja moja, anatazama mishono, mwisho anamwita mkewe: "Mama Naima, puliza." Mwanabaraka anapuliza upande huu, Nassibu kiganja chake kiko upande wa pili. Kitambaa kile kilikuwa na utando wa kuzuia hewa, na hewa ikipenya mwavuli haumbebi mtu. Asipohisi pumzi, ndipo anaruka.

Basi mama yake Nassibu, Bi Raudha, akakubali kwa mara ya kwanza kuja kumwona mwanawe akiruka. Mwanabaraka akataka mumewe apendeze. Nassibu akiwa gereji, aliuloweka mwavuli kwenye pipa la maji ya sabuni ya unga, akausugua hasa, akauanika juani mpaka jioni. Ukanukia. Akaukunja huku akijisifu moyoni.

Jumapili, kwenye kilima nyuma ya Kibamba, Bi Raudha alikuwa keshaketi mkekani na mashoga zake, sufuria la pilau pembeni. Nassibu akafungua mfuko. Harufu ya sabuni ikamjia. Akasimama kidogo, akamtazama mkewe.

"Umeufua?"

"Nimeufua, Baba Naima. Si umeona ulivyotakata?"

"Umetakata kweli. Ahsante."

Akaanza kujifunga mikanda. Mwanabaraka akangoja aitwe. Hakuitwa.

"Na kupuliza je?"

"Leo tuache. Mama kachoka kungoja."

Mwanabaraka, tangu amjue, hajamwona mtu huyu akiruka bila kukagua. Akakamata kitambaa.

"Weka mkono."

"Mama Naima, watu wanatutazama."

"Watutazame. Weka mkono!"

Akapuliza. Pumzi ilipita kama kwenye chandarua, na Nassibu akainamisha macho. Sabuni, kusugua na jua vilikuwa vimeumaliza ule utando.

Hapo Mwanabaraka akaelewa. Mumewe alijua tangu aliponusa sabuni, na alikuwa tayari kuruka hivyo hivyo kuliko kumwaibisha mbele ya mama mkwe. Akageukia mkeka, akapaza sauti.

"Mama, leo haruki mtu. Mwavuli nimeuharibu mie. Nimeufua kama shuka!"

Kisha Bi Raudha akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Mkwe wangu, kitambaa na kife. Mwanangu ninaye huyo huyo mmoja. Njooni mle."

Wakaufunga mwavuli kwenye miti, wakala chini ya kivuli chake chekundu. Mwanabaraka akamsogelea mumewe.

"Baba Naima, siku nyingine nifokee."

"Mie sijui kukufokea."

"Jifunze," alisema, akamsogezea mnofu upande wake wa sinia.