Nilivyojikojolea mbele ya wakwe, na matibabu ya trauma niliyodhani si ya watu kama mimi

Salaam wakuu.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, si jirani wala rafiki wa rafiki. Nimefuta mara kadhaa kabla ya kupost. Aibu bado ninayo.

Nipo Mafia. Nilikuwa najaza hewa mitungi ya wazamiaji kwenye hoteli moja upande wa Ghuba ya Chole. Siku moja mtungi ukapasuka, ukamvunja mguu mwenzangu Shomari. Mimi nilikuwa nyuma yake tu, sikupata hata mkwaruzo.

Kila mtu akaniambia mshukuru Mungu. Nikamshukuru.

Kisha nikaanza kukojoa kitandani.

Mtu mzima, baba wa watoto wawili. (Chekeni, halafu mwendelee kusoma.)

Mke wangu Mwanaisha akawa anaanika godoro nyuma ya nyumba, majirani wakiuliza anasema ni mtoto. Binti yetu mdogo, Rehema, akaanza kutaniwa na wenzake. Nikasikia, nikanyamaza.

Kazi nikaacha, nikasingizia mgongo. Nazi ikianguka, mlango ukibamizwa, moyo unataka kutokea mdomoni. Mama akamleta ustadh, nikasomewa. Nikawa napata utulivu kidogo, kisha yanarudi.

Ikaja harusi ya shemeji yangu, kijijini Miburani. Nimekaa jamvini na wakwe, kanzu nyeupe, sinia la pilau katikati. Maputo ya mapambo yakapasuka kwa mpigo.

Nilipojitambua nimelala kifudifudi, mikono kichwani, pilau imemwagika, kanzu imelowa. Na kila mtu anajua yale si maji.

Baba mkwe akavua koti lake, akanifunga kiunoni kwa mikono yake. Mkwe, wakuu! Ardhi ingepasuka ningeingia.

Nyumbani Mwanaisha akaniambia, "Baba Rehema, nimekusitiri nilivyoweza. Leo wameona wote. Kesho twende hospitali."

Wakapima mkojo, wakapima sukari, hamna kitu. Nikapelekwa kwa dada mmoja wa ushauri, mdogo kwangu kwa umri. Nusura nigeuze. Mambo ya kitandani nimwambie binti wa watu?

Akasema, "Kaka, mwili wako bado unadhani mtungi unapasuka. Tutaufundisha kwamba umeshapasuka, na umepita."

Nilitegemea vidonge. Kumbe anachanganya njia tofauti.

Alianza na pumzi, namna ya kuutuliza mwili kishindo kikinishtua. Nilipoweza hilo, akanitaka nisimulie ile siku mwanzo hadi mwisho. Mara ya kwanza nilitoka nje kutapika. Tukarudia session nyingine, na nyingine.

Akachimba na ninayojiambia kichwani. Nikamwambia mguu ule ulipaswa kuvunjika wangu.

"Nani kakwambia?"

Nililia, wakuu. Kwa sauti.

Kuhusu kisomo akasema kama kinanituliza niendelee nacho, ila kwake nisikose.

Kisha akamwita mke wangu. Tukapewa kazi ya nyumbani: kusikiliza mlio wa kompresa, ile mashine ya kujazia hewa mitungi, kwenye simu, sauti ikianzia chini kabisa. Mwanaisha ndiye anashika simu, mimi natetemeka mbele ya mke wangu wa ndoa.

"Nizime?"

"Usizime. Ongeza kidogo."

Sikupona kwa mkupuo. Kuna wiki nzima kitanda kikavu, halafu siku moja narudi nyuma na kutamani kuacha kila kitu. Lakini zile siku kavu zikazidi.

Kilichonishinda zaidi ni Rehema. Nilimwita nikamwambia lile godoro lilikuwa langu.

"Najua, baba," akasema. "Ningewaambia wangekucheka wewe."

Sijui kama kuna mshauri wa kunitoa hapo.

Hotelini nimerudi, ila bustanini. Chumba cha kompresa bado sijaingia. Huyo dada anasema tutafika, hana haraka.

Nilichojifunza: kutoumia mwilini si kutoumia. Na ukienda kwa mtaalamu, usichague sehemu moja ya matibabu. Mimi pumzi peke yake isingenitosha, wala maneno peke yake, wala mke peke yake.

Wenye uzoefu na haya, au mnaojua zaidi, karibuni. Anayeona haya kuandika hadharani, PM ipo wazi. Sitakuuliza jina.