Mwiko wa Husnina

Saa nne kasoro robo asubuhi, Zawiyah Deraman anaegesha pikipiki nyuma ya kantini ya shule ya msingi ya Bukit Jering, jimbo la Kelantan. Viatu vyake vya mvua vimeganda utomvu. Ananawa mikono kwa sabuni mara mbili, kisha anaingia jikoni na kuanza kufunua masufuria.

"Mkaguzi kaja!" anapaza sauti Mek Som, mpishi mkuu wa miaka 61. "Jipangeni, wanawake, leo tunafungwa!"

"Fungeni midomo, mama, sufuria mniachie wazi," anajibu Zawiyah, na jiko zima linaangua kicheko.

Zawiyah, 34, ni mgema wa utomvu wa miti ya mpira. Tangu muhula uanze, kila siku anaacha miti yake ili awepo shuleni wakati wa mapumziko. Hilo ndilo sharti alilopewa ili binti yake, Husnina, miaka saba, apate nafasi darasa la kwanza. Husnina ana mzio mkali wa karanga. Chembe tu inaweza kumvimbisha koo akakosa pumzi, na Kelantan karanga haikosekani: imo kwenye mchuzi wa mishikaki, kwenye wali, kwenye vitafunio vya jioni.

Shule mbili zilimkataa. "Ya kwanza iliniambia nimfundishie nyumbani," anasema. "Ya pili iliniambia mtoto anadeka."

Majirani nao waliposikia mzio walidhani ni upele. Mpake poda, walimwambia, utaisha. Husnina akiwa na miaka minne, bibi wa nyumba ya pili, anayempenda kama mjukuu wake, alimpa kipande cha keki ya mchele yenye karanga.

"Alisema kidogo tu, azoee," Zawiyah anakumbuka. "Mume wangu aliendesha, mimi nimempakata mtoto, midomo imeshabadilika rangi. Hospitali ni kilomita kumi na nne. Sijawahi kuiona barabara ndefu kama ile."

Mwaka jana mdogo wake Zawiyah alijifungua. Mzazi huwekwa siku arobaini na nne za pantang, yaani mwiko: hiki hali, kile hanywi, vya baridi hasa. Mgeni mmoja akaja na tikiti maji lililotoka kwenye barafu. Bibi yule yule wa keki akampokonya sahani. "Huna macho? Ana mwiko huyu! Unataka kumuua?"

Hakuna aliyesema aonje kidogo, azoee. Zawiyah alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Miaka yote hiyo nilikuwa nawalilia kwa maneno ya daktari," anasema.

Basi mwalimu mkuu wa Bukit Jering, Lokman, alipoita kikao cha wazazi na wapishi, Zawiyah alimkabidhi barua ya hospitali, kisha akawageukia watu. "Karanga ni mwiko wa mwanangu. Si wa siku arobaini na nne. Wa maisha yake yote."

Wa kwanza kusimama alikuwa Mek Som, ambaye sifa zake zote zimejengwa juu ya mchuzi wa karanga.

"Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo, binti?" aliuliza, karibu kwa hasira. "Mwiko ni mwiko. Mchuzi wangu nitaupikia nyumbani."

Kesho yake karanga zilitoka jikoni zote, na masufuria mapya yakaingia. Walimu sita walifundishwa na muuguzi kuchoma sindano ya dharura pajani. Lokman alitia saini, kwa sharti kwamba mama awe karibu mpaka wote wazoee.

Sharti hilo limemgharimu Zawiyah karibu robo ya utomvu wake. Hajutii, na anaona fahari waziwazi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu, msifu upendavyo, bado atakagua sufuria.

Kengele inalia. Mtoto mgeni darasani anamnyooshea Husnina biskuti. Zawiyah ananyanyuka, lakini kabla hajapiga hatua, sauti za wasichana watatu zinapaa pamoja: "Usimpe! Ana mwiko!" Husnina anatikisa kichwa, anafungua chakula chake na kuendelea na hadithi yake.

Baadaye anamjia mama yake. "Mama, Jumatatu usije. Wenzangu wanacheka viatu vyako."

"Umesikia?" anadakia Mek Som. "Nenda kwenye miti yako. Huyu ni wetu sasa."

Zawiyah anacheka huku akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mwalimu mkuu ameshamruhusu asije tena. Aliyekuwa bado hajajiruhusu ni yeye. Jumatatu, anasema, atagema mpaka mti wa mwisho. Na siku moja anataka amwone Husnina akipanda basi la shule ya sekondari mjini, mama hayupo hata kwa mbali.

Anawasha pikipiki. Jikoni sufuria ya mwisho bado imefunikwa. Leo hakuifunua.